Vyuo Viwili na Nusu ya Jibu

Kila siku alipotoka shule, Kijiko alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda kando ya mama yake ili kumchambulia nywele bandia. Mama alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga: kioo kirefu chenye ufa kwenye pembe, viti vitatu visivyofanana, na mashine ya kukaushia nywele, ile ya kofia kubwa, ambayo Mama aliifuta vumbi asubuhi kabla hajafuta hata uso wake mwenyewe. Kijiko alitenga nywele fungu fungu, akazinyoosha, akampa Mama mkononi kabla hajaomba. Wateja walimsifu. Walisema kijana huyu ana mikono mitulivu, na wengine wakaongeza, kwa sauti ya chini waliyodhani haisikiki, kwamba maskini, Mungu amemnyima ulimi akampa vidole.

Ulimi alikuwa nao. Alikuwa na kigugumizi tu. Neno lilimjia vizuri hadi kwenye meno, kisha likagoma hapo kama punda, naye akabaki akilisukuma huku macho yamemtoka. Darasani wenzake walimmalizia maneno, mara nyingi wakakosea, na yeye akaitikia kwa kichwa maneno ambayo hakuyakusudia, ili mambo yaishe. Nyumbani desturi ilikuwa nyingine. Mama alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kumhimiza. Kijiko akikwama, mazungumzo yalihamia kwa mwingine taratibu, kana kwamba amemaliza. Ilikuwa ni huruma ya Mama, na hakuna aliyeiona kasoro yake.

Mtu mmoja tu hakuifuata desturi hiyo, naye ni Dada. Kijiko alipokwama, Dada aliacha alichokuwa akifanya, akamtazama, akangoja. Hakumsaidia wala hakumsikitikia. Alingoja kama mtu aliyeinjika maji, anayejua yatachemka tu. Hata jina la Kijiko ni yeye aliyempa, kwa sababu utotoni mdogo wake alikataa katakata kula kwa kijiko cha mtu mwingine. Sasa Kijiko alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa hesabu yake duniani kulikuwa na mtu mmoja aliyewahi kusikia sentensi zake zote hadi mwisho. Alimpenda sana, na alimpenda hata siku ambazo hakuwa na la kusema.

Dada alikuwa amemaliza sekondari na alikuwa akiuza katika duka la vyombo huku akisubiri bahati yake. Alichokitaka kilijulikana na mtaa mzima: alitaka kuwa fundi wa majokofu. Tangu mdogo alikuwa amefungua kila kitu chenye waya ndani ya nyumba ile. Redio ilirudi ikiimba. Feni ilirudi ikizunguka kinyume, na tangu hapo siku za joto familia ilikaa nyuma yake. Watu walimtania kwamba mume wake atamkuta ndani ya friji, naye aliwajibu kwamba afadhali, hataharibika.

Vyuo vilivyofundisha kazi hiyo, na ambavyo familia ingeweza kuvitaja bila kucheka, vilikuwa viwili, vyote vya watu binafsi. Cha kwanza kilikuwa mjini hapo hapo, jengo refu la vioo karibu na benki, wanafunzi wake wakivaa tai. Wao walikiita Ghorofa. Cha pili kilikuwa mji mwingine, safari ya basi tangu asubuhi hadi jioni, na Mjomba, ndugu yake Mama, aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa amekipita mara nyingi. Alisema ni safu ya mabanda ya bati nyuma ya karakana za magari. Hicho wakakiita Mabati.

Jumapili moja Mjomba alikuja kusaidia kupima. Ada ya Ghorofa ilikuwa kubwa hadi Mama alishika shavu, lakini masomo yalikuwa mafupi, na Dada angelala nyumbani na kula nyumbani. Ada ya Mabati ilikuwa ndogo, Mama akatabasamu, mpaka Mjomba alipoanza kuongeza yaliyobaki: kodi ya chumba, chakula, nauli, glavu, koleo, na kwamba masomo yalikuwa ya miaka miwili. Tabasamu la Mama lilififia kidogo kidogo. Walipofika mwisho, Mabati kilikuwa kimekizidi Ghorofa. Mjomba alicheka, akasema ndiyo maana watu husema rahisi ghali, na kwa maoni yake neno limekwisha: mtoto asome karibu, kwa bei nafuu, apate cheti chenye muhuri wa dhahabu.

Mama hakuwa na haraka hiyo. Alikuwa na kipimo chake cha kazini, na alikitumia kwa kila kitu, kuanzia sufuria hadi madaktari.

"Kaka, mimi msusi simpimi kwa kichwa anachokisuka leo," alisema. "Leo kila kichwa kinang'aa. Nionyeshe kichwa alichokisuka wiki mbili zilizopita, kimelaliwa, kimenyeshewa. Hapo ndipo nitakwambia kama huyo mtu anajua kusuka. Hawa wanafunzi wenye tai ni vichwa vya leo. Mimi nawataka waliomaliza zamani, waliokwisha kunyeshewa."

Wote walicheka, lakini walikubali. Na bahati ilikuwepo, kwa sababu mteja mmoja wa Mama alikuwa mhasibu katika kiwanda cha maziwa, akasema mafundi wao wa mitambo ya baridi ni wawili, na kila mmoja amesoma chuo chake: mmoja Ghorofa, mwingine Mabati. Ikapangwa kwamba Mama na Dada wangekwenda kuonana nao Jumamosi. Ilipofika Jumamosi, mwenye duka la vyombo alimnyima Dada ruhusa, na saluni ikavamiwa na bibi harusi na wasimamizi wake, wote wakitaka kusukwa kabla ya jioni. Mama, mkono mmoja kichwani mwa bibi harusi, alimwita Kijiko.

"Baba, utaenda wewe," alisema. "Wenye maneno mengi nawajua, wakienda kuuliza wanarudi wamejisikiliza wenyewe. Wewe una masikio. Kawaulize mambo matatu tu. Kazi waliipata vipi? Chuoni walishika nini kwa mikono yao? Na la mwisho, uliulize vizuri: mdogo wako ungempeleka chuo gani?"

Kijiko alioga upya, akavaa shati lake la sikukuu. Hakuwahi kutumwa jambo kubwa namna hiyo. Njia nzima alikuwa akiyarudia maswali kimoyomoyo, ambako hakuna neno lililowahi kukwama.

Kiwandani mlinzi alimpa kofia nyeupe na mabuti ya mpira yaliyomzidi, akamwelekeza kwenye mitambo, nyuma ya vyumba vya kuhifadhia maziwa. Sakafu ilikuwa imelowa na mashine zilinguruma. Mafundi wawili walikuwa wameketi juu ya kreti wakinywa chai: mwanamke kijana ambaye wenzake walimwita Fundi Miwani, na mwanamume mrefu kupita kiasi aliyeitwa Twiga. Kijiko aliwaamkia, wakaitikia marahaba, wakamsogezea kreti. Alianza kuuliza. Neno la kwanza liligoma, na Twiga, kwa nia njema, akamalizia kwamba bila shaka anataka maziwa. Fundi Miwani alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Baada ya hapo wakangoja, na maswali yote matatu yakatoka. Walipoyasikia majina ya Ghorofa na Mabati walicheka sana, na wao wakayatumia.

Twiga alisoma Mabati. Muhula wa kwanza alikata mabomba vibaya hadi mwalimu akamuuliza kama amekuja kutengeneza friji au filimbi. Waliharibu, wakarudia, wakaharibu tena. Kabla ya kumaliza alipelekwa kufanya mazoezi katika kiwanda hiki hiki, wakambakiza. Hakuficha mabaya. Chumba chake kilivuja, maji yalifuatwa mbali, mwisho wa mwezi alilala na njaa zaidi ya mara moja, na cheti kilichelewa mpaka akakisahau. Kuhusu mdogo wake, alisema inategemea. Mtoto anayependa ofisi na kompyuta angempeleka Ghorofa bila wasiwasi, na anayependa bisibisi angempeleka Mabati.

Fundi Miwani alisoma Ghorofa. Aliwasifu walimu wake na kusema walimfundisha kuandika ripoti ambazo mpaka leo meneja huzisoma kwa raha. Lakini friji la kujifunzia lilikuwa moja kwa darasa zima, na wanafunzi walipanga foleni kulitazama. Alipomaliza alitafuta kazi kwa muda mrefu. Kila alikoitwa walimpa spana, na kila mara spana ilimuumbua. Mwishowe kiwanda kilimchukua kuandika mali za stoo, na Twiga akamfundisha ufundi polepole, yeye Miwani akilipwa mshahara wa mwanafunzi.

"Mikono yangu imefundishwa hapa," alisema, "lakini ada nililipa kule."

Kisha likabaki swali la mdogo wake. Fundi Miwani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akachukua muda.

"Mdogo wangu wa kike nimempeleka Mabati. Yuko mwaka wa kwanza. Kila Jumapili ananipigia simu analia, na mimi nalia naye. Lakini sijamwambia arudi. Mwambie mama yako hivyo hivyo."

Kijiko alishukuru, akarudisha kofia na mabuti, akashika njia ya nyumbani. Hakuwa mjinga. Alijua kabisa alichokisikia, na alijua Dada hakupenda ofisi wala kompyuta. Alipopita sokoni alikuwa akitembea polepole kuliko wanunuzi. Mawazoni alimwona Dada akipanda basi na begi. Akaiona meza ya chakula yenye watu wawili, yeye na Mama, na Mama akihamisha mazungumzo taratibu kwa mtu asiyekuwepo. Moyo ulimuuma kweli kweli, akajibanza kando ya ukuta mpaka macho yalipokauka.

Jioni bibi harusi alikwisha kuondoka, Mjomba alikuja, na Dada alirudi kutoka dukani miguu ikiwa imevimba. Wote walimzunguka Kijiko. Alianza na Twiga. Alisema, kwa taabu, kwamba yule wa Mabati alilala na njaa, chumba kilivuja, maji yalikuwa mbali, na cheti kilichelewa. Mama aliguna. Halafu akasema kwamba yule wa Ghorofa ni fundi hapo kiwandani, amevaa koti jeupe, anawasifu walimu wake, na meneja anapenda ripoti zake. Yote yalikuwa kweli. Hakuna neno hata moja la uongo lililotoka kinywani mwake siku ile.

Mama aliuliza kuhusu swali la mwisho. Kijiko alisema, "M-mdogo wake a-ame..." kisha akaacha. Safari hii neno halikugoma. Yeye ndiye aliyeligomea. Alifumba macho na kukaza shingo kama afanyavyo akikwama, na mara Mama akamwonea huruma, akamgeukia Mjomba, na Mjomba akasema kwamba mambo yako wazi, Ghorofa kimeshinda.

Dada peke yake alikuwa bado anamtazama, akingoja. Kijiko alitazama chini.

"Ni-nimemaliza," alisema.

Dada alimwangalia kidogo zaidi, kisha akaenda kuloweka miguu yake.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee. Ya mtu anayesema nusu ni ndefu zaidi, maana hakuna anayemfukuza, na anaweza kutembea siku nyingi akijiambia kwamba hajadanganya. Kijiko alitembea wiki nzima. Nyumba ilikuwa na furaha. Dada alipanga upya kona yake ya chumba, akapigilia rafu kwa ajili ya vitabu, akamwambia Kijiko kwamba sasa hesabu zake wataendelea kuzifanya pamoja. Angetakiwa kushangilia. Badala yake kila mlo alibakiza chakula sahanini, na Mama akaanza kumshika paji la uso kuangalia kama ana homa.

Alhamisi alipotoka shule alikuta ukutani, palipokuwa na ile mashine ya kukaushia nywele, pamebaki alama nyeupe tu kwenye rangi. Mama alikuwa ameiuza ili ada ya Ghorofa itimie. Alikuwa akikausha nywele za mteja kwa taulo, akimchekesha ili asione kasoro. Mteja alipoondoka, Mama alikaa akajikanda mabega. Kijiko alimchambulia nywele hadi jioni bila kumtazama usoni.

Ijumaa asubuhi Mama na Dada walijiandaa kwenda kulipa. Mama alivaa gauni lake la kutokea, akafunga pesa kwenye kitambaa, akakitia ndani ya mkoba, mkoba akaubana kwapani. Kijiko alikuwa na sare ya shule na begi mgongoni. Walikuwa wameshafika mlangoni alipowapita mbele, akasimama kizingitini.

"Si-si-sijamaliza," alisema.

Mama alidhani hajamaliza chai. Dada alijua. Kijiko akaanza kusema, na haijawahi kutokea maneno yake yakagoma kama asubuhi ile. Friji moja. Foleni. Spana. Mama alifungua kinywa kumpunguzia mzigo, na Dada akainua mkono kumzuia, wakasimama wote watatu pale mlangoni huku majirani wakipita na kusalimu bila kujibiwa. Aliposema kwamba mikono ya Fundi Miwani ilifundishwa kiwandani lakini ada alilipa Ghorofa, Mama aliushika mkoba kwa mikono miwili. Aliposema kwamba fundi huyo amempeleka mdogo wake Mabati, Mama alirudi ndani, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Dada aliondoka mlangoni. Alipita hadi uani, akasimama kwenye kamba ya nguo, akaanza kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Kijiko alimfuata.

"Wa kuchagua chuo ni mimi, au ni wewe?" Dada alisema bila kugeuka. "Ni miaka yangu, Kijiko. Na Mama kauza mashine yake. Ungetuangalia tu tunakwenda?"

Kijiko alitaka kusema samahani, lakini lililotoka ni lile lililokuwa chini yake.

"U-ukiondoka," alisema, "na-na-nani atanisubiri?"

Dada aligeuka. Alikuwa na hasira na alikuwa analia, vyote kwa pamoja, na nguo mbichi zilikuwa zimelowanisha gauni lake zuri. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akamvuta mdogo wake karibu.

"Nitakwambia na mimi la kwangu," alisema. "Jumamosi ile nilijua hujamaliza. Nakujua ukikwama kweli, na ukijikwamisha. Ningengoja kidogo tu ungesema. Lakini na mimi nilikuwa naogopa kwenda mbali. Kwa hiyo nikaenda kuosha miguu."

Walipoingia ndani Mama alikuwa bado kwenye kiti cha wateja. Kijiko alipiga magoti mbele yake, akaomba radhi, na Mama akamwacha aombe mpaka mwisho. Alimwambia kwamba amemuumiza, na hakulifunika jambo hilo. Kama si asubuhi ile, pesa za mashine zingelipwa mahali pasipomfaa mtoto wake, na pesa zikishalipwa chuoni hazirudi. Kijiko alilia. Ndipo Mama akamshika kidevu.

"Lakini na mimi nina langu," alisema. "Kila ulipokwama nilikuacha, nikidhani nakupenda. Kumbe nilikuwa nakuonyesha pa kujificha. Kuanzia leo nitangoja, hata kama wali utaungua."

Siku ile Kijiko hakwenda shule mpaka saa nne, na saluni haikufunguliwa. Walikwenda wote watatu kiwanda cha maziwa, wakavaa mabuti na kofia, na Fundi Miwani akawaeleza mwenyewe. Kila alichokisema, Kijiko alikuwa amekwisha kukisema mlangoni, neno kwa neno. Mama alimtazama mwanawe kwa pembe ya jicho. Alikuwa sahihi kuhusu masikio yake, na hilo lilimuuma na kumfariji pia.

Wiki iliyofuata Mama alipanda lori la Mjomba akaenda kukiona Mabati kwa macho yake. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope. Alisimulia mabanda yenye joto, choo kimoja kibovu, na wanafunzi wawili wawili wameinamia majokofu mabovu, kila mmoja na bisibisi mkononi, wakibishana. Alikuwa amewauliza wenye maduka ya jirani friji zao zikiharibika wanamwita nani, nao wakamwonyesha wanafunzi wale wale. Kuhusu gharama hakujidanganya. Mabati kitawakamua kuliko Ghorofa, na watalazimika kula maharage mpaka yawachoke wao. Lakini atakachorudi nacho Dada ni kazi, na kazi itarudisha hizo gharama. Mjomba, ambaye wiki mbili nyuma alisema neno limekwisha, sasa alisema ndivyo alivyodhani tangu mwanzo, na hakuna aliyembishia kwa sababu ndiye mwenye lori. Pesa za mashine zililipa kodi ya chumba.

Dada aliondoka mwanzoni mwa muhula. Kituoni alimwagiza Kijiko kula, kuoga, na kukaa nyuma ya feni joto likizidi. Basi lilipotoka Kijiko alilia mbele ya watu bila aibu, na Mama alilia pia, wakarudi nyumbani kwa miguu wameshikana mikono ingawa Kijiko alikuwa mkubwa mno kushikwa mkono.

Siku za kwanza zilikuwa ndefu. Chakula chao cha jioni kilikuwa cha watu wawili kama alivyokiona kule sokoni, ila Mama hakuhamisha mazungumzo. Kijiko alipokwama, Mama aliweka chini kijiko chake cha kulia, akamtazama na kungoja. Mwanzoni hakujua afanye nini na uso wake wakati akingoja. Alitabasamu mno, akatikisa kichwa mno, na Kijiko akamwambia, kwa dakika nzima, kwamba Dada hatabasamu. Mama alicheka hadi akapaliwa. Polepole alijifunza. Wali uliungua mara mbili.

Jumapili ya tatu Dada alipiga simu. Alizungumza na Mama kwanza, sauti ikiwa ya kuchangamka. Kisha Mama alimpa Kijiko simu, na pale sauti ya Dada ikabadilika. Alisema ameungua kidole, chumba kina joto, mwenzake wa chumbani anakoroma, na jana alikata bomba vibaya watu wote wakacheka. Kisha Kijiko akamsikia akivuta kamasi.

"Kijiko," alisema. "Niambie kweli. Nirudi?"

Mama aliyasikia hayo, kwa sababu simu ile ilikuwa na sauti kubwa kama spika. Alikuwa anasuka. Mikono yake ilisimama kichwani mwa mteja.

Kijiko alifungua kinywa, na neno likagoma. Salio la Dada lilikuwa likiisha. Mteja aligeuza shingo, akataka kumsaidia mtoto wa watu, na Mama akamshika kichwa taratibu akakirudisha mbele. Upande wa pili Dada alikuwa kimya, akingoja, kama alivyongoja siku zote.

"Na-na-nataka urudi," alisema Kijiko. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kidevu. Alivuta pumzi, akaanza tena. "Na-nataka sana. La-lakini u-u-usirudi."

Dada alilia waziwazi sasa, na ndani ya kilio akacheka, akasema haya, harudi, kesho ana bomba lingine la kukata. Simu ikakatika hapo.

Mama aliomba radhi kwa mteja, akanawa mikono, akaja kumpangusa mwanawe uso kwa kanga yake.

"Siku ile ulituambia ulichokitaka, ukaacha usichokitaka," alisema. "Leo umesema yote mawili, na moja limekuchoma. Kweli nzima iko hivyo, baba. Anayeisema, watu watamwamini hata akichelewa kufika mwisho wa sentensi."

Kisha akarudi kwenye kichwa alichokiacha, na Kijiko akaketi kwenye kigoda, akaanza kuchambua nywele.